Mwaka Niliochora Nyumba ya Bwera

Mwezi uliopita tulimzika Madamu Biira kule Nyakalengija, katika shamba la kahawa la wazazi wake, pale ambapo barabara ya gari inaishia na njia ya wapanda mlima inaanza. Nilifika kutoka Mbarara nimechelewa, nikajipenyeza nyuma ya turubai kati ya wanawake wa kanisa. Mwongozaji akatangaza kwamba mwanafunzi wa kwanza wa marehemu yupo na atasema machache. Nami nikageuza shingo kama wengine kumtafuta mtu huyo, mpaka mama mmoja aliyenifahamu akanigusa kiwiko. Nikasimama. Nikasema Madamu Biira ndiye aliyenifundisha kuchora nyumba, kwamba hakuna nyumba niliyochora tangu hapo ambayo haina mkono wake, na kwamba Mungu amlaze pema. Nikaketi. Wale wanawake wakanipapasa mgongo, wakidhani uchungu umenizidi. Uchungu ulikuwepo, ila si ule waliodhani wao. Haya ninayoandika ndiyo niliyoshindwa kuyasema mbele ya jeneza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipokwenda kwake Kasese, nina cheti cha uchoraji wa ramani na nguo mbili za maana. Ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Hajji Sulaiti, kwa hiyo siku nzima tulichora huku chini watu wakibishana juu ya misumari na mabati. Mji ule una joto linalokaa kichwani kama mzigo. Madamu Biira hakuwa mtu wa kuajiri wasichana, lakini alitazama michoro yangu ya chuo, akaniuliza nalala wapi, na jioni ile ile akanipa chumba cha uani nyumbani kwake, kilichopakana na jiko. Chumba kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha dogo lililotazama mlango wa jikoni. Kupitia dirisha hilo nilijua kila asubuhi kama tutakunywa chai ya maziwa au ya rangi, na nani amekuja kumsalimu. Hakuwa na mtoto. Mezani alinipa minofu ya samaki, yeye akachukua kichwa, akasema kichwa ndicho kitamu. Niliamini. Mimi mwenyewe nina binti sasa, na najua kwa nini mama husema hivyo.

Alinifundisha jambo ambalo chuoni hawakulitaja. Alinipeleka katika nyumba zisizo na watu, akaniwekea kiti katikati ya chumba, akaniacha hapo tangu asubuhi hadi jua linapozama, nitazame mwanga unavyotembea sakafuni. "Huku kwetu jua haina upande moja," alikuwa akisema. "Nusu mwaka inapita kaskazini, nusu mwaka inapita kusini. Mashariki na magharibi ndiyo adui. Huko jenga ukuta nene, ufunge. Kaskazini na kusini, fungua yote." Watu wa Kasese wakati ule walipenda nguzo nene barazani, mapaa yenye pembe nyingi na vidirisha vya rangi ya kahawia. Tulichora hizo kwa sababu ndizo zilizotulisha. Lakini jioni, akimenya maharage ya firinda ganda moja moja, Madamu Biira alizungumza juu ya nyumba aliyoitamani tangu ujana: ya mistari michache, kuta nyeupe zisizo na urembo, na vioo kutoka sakafuni mpaka darini, ili mtu akiwa ndani awe pia nje. Hakuwahi kumpata mwenye kuitaka.

Ndipo akaja Thembo. Alikuwa wakala wa forodha mpakani Mpondwe, mtu wa karatasi na malori, mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi hata mikononi. Alikuwa na kiwanja Bwera, juu ya mteremko, upande mmoja unaona milima na upande wa pili unaona uwanda unaoshuka hadi ziwani. Madamu Biira alimuuliza anataka nyumba ya namna gani. Akafikiri kidogo. "Nataka nyumba haina makelele," alisema. "Siku nzima niko kwa makelele. Honi, makuli, afande anapiga filimbi. Nikifika nyumbani, hata ukuta inyamaze." Niliona Madamu Biira akiweka kalamu chini. Kisha akafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni heshima kubwa. Akanisukumia karatasi nyeupe. "Chora wewe, Anyango," akasema. "Chora kama iko yako."

Nikaichora. Thembo alikuwa akija kila wiki kuona kazi, kisha akawa anakuja kabla ya wiki kwisha, kisha akawa anakuja nyumbani. Alileta samaki, ngege kutoka Katunguru, wamefungwa kwa majani, na Madamu Biira aliwapika kwa nyanya, akasonga bundu, ugali wa muhogo, tukala watatu. Maongezi yote yalikuwa nyumba. Jiko likae wapi. Mtu akiingia aone nini kwanza. Thembo aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: ungependa kuamkia upande gani, ukiwa na huzuni ungekaa chumba gani. Nilijibu, na majibu yangu yakawa kuta. Siku moja alinipeleka kwenye daraja la Katunguru. Tulisimama kutazama viboko kwenye mfereji, na huko akaniambia kwamba nyumba ile tutaishi ndani yake, mimi na yeye, na kwamba Krismasi ikija atakwenda kwa baba yangu. Nilimwambia basi chumba cha watoto nitakihamishia kona ya mashariki, nikipasue kijidirisha kirefu chembamba, jua la asubuhi liwaamshe lisiwachome. Aliirudia kauli hiyo polepole, kama mtu anayeionja. "Liwaamshe, lisiwachome." Nilipofika nyumbani nilimsimulia Madamu Biira kila neno. Alikuwa akipakua chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea samaki, akasema, "Hicho kijidirisha ni wazo nzuri. Kichore kabla husahau."

Yapo mambo ambayo leo nayaona wazi. Thembo aliniomba niishushe meza ya jikoni, ile ya zege yenye sinki, wakati mimi ni mrefu na nilikuwa nimeipima kwa kiuno changu. Alisema mama yake akija kupika asipate taabu. Nikaishusha, nikampenda zaidi kwa kumfikiria mama yake. Na kwa ajili ya huyo mama nilianza pia kujifunza Kikonzo, lugha ya kwao Thembo na Madamu Biira, kimya kimya, kwa wanawake wa sokoni, ili siku nitakayopelekwa kwake nisisimame kama mgeni. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi.

Msingi ulichimbwa, kuta zikapanda, paa la zege likamwagwa na kutokeza nje kama nilivyotaka, ili jua la mchana lisivifikie vioo. Kila nilipokwenda Bwera nilitembea katika vyumba vile visivyo na milango, nikajiona nimebeba sinia. Vioo viliagizwa Kampala, na Hajji Sulaiti akakubali kuvileta kwa lori lake. Ilikuwa katika wiki za kuvingoja ndipo nilipopata malaria. Nililala chumbani kwangu mchana, nimejifunika blanketi katika joto lile, meno yakigongana. Nikasikia Thembo ameingia jikoni. Nilikusanya nguvu niamke nikamsalimu. Lakini walikuwa wakizungumza Kikonzo, na nikalala kidogo zaidi, nikifurahi kwamba naweza kuwafuata.

Thembo alisema mkewe Furaha, kule Kasindi, anauliza watahamia lini, kwa sababu watoto wanatakiwa kuanza shule upande huu. Madamu Biira akasema Furaha asubiri. Thembo akasema amechoka kusema uongo pande mbili, heri yule msichana aambiwe. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Kisha sauti ya Madamu Biira, ile ile ya kunifundishia, haikupanda wala haikushuka. Alisema, "Ngoja vioo viwekwe. Kuna ngazi hajamaliza, na fremu za sebuleni. Akijua leo, mkono wake utakufa. Vikishawekwa nitamwambia mwenyewe. Atalia, halafu atachora nyumba nyingine."

Sijui nililala vile kwa muda gani. Nakumbuka kwamba baadaye aliniletea uji, akanishika paji la uso kwa kiganja, akasema homa inashuka. Nikanywa uji.

Nilipoweza kusimama, nilikwenda Mpondwe siku ya soko, ambapo watu huvuka mpaka bila maswali mengi. Nilivuka mto Lubiriha katikati ya akina mama wenye mafungu ya vitenge vichwani, nikauliza huko Kasindi nyumba ya mke wa Thembo wa forodha. Kuli wa kwanza tu akanionyesha. Niliuliza mara moja tu, na hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea: mpaka mzima ulijua. Ilikuwa nyumba ya kupanga, ya mbao, yenye dirisha la bati. Mwanamke aliyefungua alikuwa mfupi, kichwa chake kilinifika begani. Nilipomtazama niliiona meza ya jikoni niliyoishusha.

Nilitaja jina langu na kazi yangu. Uso wake ukafunguka. "Ni weye unachoraka nyumba yetu?" akasema. "Ingia, dada, ingia. Bwana anaongeaka juu yako. Anasema kuko musichana moja wa Kasese, anachora na roho yake yote." Aliniketisha, akaniletea maji ya kunawa, akaweka sombe ya majani ya muhogo na bundu, akakataa niseme neno kabla sijala. Ndani mlikuwa na giza hata mchana. Yeye ndiye aliyezungumza. Akaniambia habari za nyumba yangu. Sebule yenye milima ndani yake. Ukumbi wa kukaa mtu mwenye huzuni. "Na mu chumba ya batoto," akasema, akionyesha kwa mkono kitanda ambapo wawili walikuwa wamelala usingizi wa mchana, "jua ya asubuhi itaingia. Bwana anasema itabaamusha, haitabachoma." Alisema hivyo kwa fahari ya mke anayetaja maneno mazuri ya mumewe. Yote niliyomwambia Thembo, darajani, mezani, sikioni, alikuwa ameyavusha ng'ambo na kumpa mkewe kama yake.

Niliweka tonge chini. Nikamwambia. Sikumfichia wala sikumwongezea: kwamba mumewe aliniambia nyumba ile ni yangu na yeye, na kwamba niliichora nikijua hivyo. Furaha hakupiga kelele. Alisimama, akazitoa sahani, akaziosha zote nje, akarudi akifuta mikono kwenye kitenge. Akakaa karibu na watoto wake.

"Mi niko na batoto babili na ndoa ya kanisa," akasema. "Weye uko na nini?"

Haikuwa kejeli. Aliuliza kama anayetaka kujua uzito wa mzigo wa mwenzake.

"Niko na ramani," nikasema.

Akafikiri. "Basi, maliza ile ramani. Mambo ya bwana, ni mimi nitaimaliza."

Niliporudi Kasese, Madamu Biira alikuwa mezani na ungo wa firinda. Nilimsalimu kwa Kikonzo, salamu ndefu ya heshima, ile niliyomwekea mama yake Thembo. Vidole vyake vikasimama. Alielewa yote pale pale, hata siku ile ya homa.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku alikuja ofisini. Nimekula kwa Furaha, bibi yake, mara mingi."

"Na ukaniacha."

Akasukuma ungo pembeni. Hakutazama chini, hilo lazima niliseme. "Anyango, mimi nimengoja ile nyumba maisha yangu yote. Nilijaribu kuichora, ikakataa. Halafu nikakuona wewe, namna ulikuwa unachora ukimpenda yule mtu. Niambie ukweli. Ungechora ile kwa mtu hupendi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilisimama pale nikitafuta hiyo ndiyo, na haikuwepo. Nadhani hapo ndipo aliponivunja hasa. Thembo alinidanganya kama wanaume wengi wanavyodanganya, kwa woga na uroho, na woga na uroho mtu huvielewa. Lakini huyu aliyenipa minofu alikaa mezani akaona ninavyokwenda shimoni, na akapima kwamba shimo lile lina faida. Alisema ataandika jina langu kwenye ramani juu ya lake. Nikamwambia aandike analotaka. Siku iyo hiyo nilihamisha nguo zangu, nikaenda kulala kwa mjane mmoja wa fundi wa kiwanda cha simenti, katika nyumba za wafanyakazi, ambako watu wa kila kabila walipika uani na kelele zao zilinifaa.

Niliimaliza kazi. Nilichora ngazi, nikachora fremu za sebuleni, na mkono haukufa. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba alinifahamu nusu tu. Lori la Hajji Sulaiti lilifika Bwera na vioo vimesimamishwa ndani ya mbao na majani makavu, vimefunikwa mablanketi kama wagonjwa. Hajji alisema bismillahi kwa kila kimoja kilichoshushwa, na vijana wote wakanyamaza. Cha mwisho kilipoingia kwenye fremu ya kaskazini, milima ikaja ndani ya sebule yote kwa pamoja, na mafundi wakakaa sakafuni bila kuambiwa. Madamu Biira alikuwa amesimama mlangoni. Alilia. Sikumsogelea.

Thembo alinikuta jikoni. Alikuwa amekonda, na shati lake siku ile halikupigwa pasi. "Kuhusu nyumba sikukudanganya," akasema. "Yote umechora, nilitaka kweli."

"Ulitaka na nani?"

Alitazama nje, uwanda ulikokuwa unashuka. "Nilitaka tu," akasema.

Niliondoka Kasese kabla ya Krismasi. Mbarara nilianza kwa kuchora vyoo vya shule, na polepole nikapata jina. Niliolewa na mtu mwema. Madamu Biira alinipigia simu miaka yote hiyo, mara chache, na kila mara tulizungumza juu ya nondo na bei ya alumini. Alinitumia wateja, wengine wakubwa. Kila nilipoona namba yake nilidhani leo ndipo atalitamka lile neno la kuomba msamaha, nikashika simu kwa mikono miwili. Hakulitamka. Alipougua sikuambiwa na yeye.

Baada ya mazishi nilitembea hadi kwenye gari, na huko nikamkuta mwanamke mfupi, kichwa chote mvi, ameegemea mlango kwa fimbo. "Dada, unapita Bwera?" akaniuliza. Bwera haikuwa njia yangu. Nikasema napita. Tulishuka mlima tukiongea habari za njiani. Watoto wake ni watu wazima, mmoja ni daktari. Thembo alikwenda Butembo zamani, akaoa huko. Yeye, Furaha, alibaki na nyumba. Miaka ya kwanza aliuchukia ule mwanga, akatundika vitenge kwenye kila kioo, na kuvitoa alivitoa kimoja kimoja. Tulikuwa tumepita Kasese aliponiambia kwamba Madamu Biira alimwendea mwaka ule ule waliohamia. Alipiga magoti jikoni, akamwomba msamaha. Na akaendelea kumwendea kila mwaka baada ya hapo, na kuku au kitenge, na kila mwaka akaomba upya.

Nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Kwako hakukuya?" Furaha akauliza.

"Hapana."

"Nilimuuliza mara moja. Nikasema, na ule musichana? Akanijibu, ule nimemupatia kazi."

Nilipunguza mwendo, nikasimamisha gari kando ya barabara, kwa sababu sikuona tena mbele vizuri. Malori ya mpakani yalitupita moja baada ya jingine na gari likatikisika. Furaha alitazama mikono yake mapajani, kisha akanigeukia.

"Basi, mi nakuomba musamaha pa fasi yake," akasema.

"Si wako kuuomba, mama."

"Najua," akasema. "Lakini mwenye deni tumemuzika leo. Kama si mimi, ni nani atakuomba?"

Akautoa mkono wake, akauweka juu ya wangu kwenye usukani. Nikauacha pale.